Neno Alilosema Mzee Ndeti Mbele ya Pijo

Vijana wa gereji mmeniomba niandike, na mimi si mwandishi. Shule niliachia darasa la saba, na hata huko insha zangu zilirudi na wino mwekundu mwingi kuliko wa buluu. Lakini tangu mgongo uninyime ruhusa ya kuinama juu ya injini, niko na wakati, na mke wangu amesema afadhali niandike kuliko kumfundisha yeye namna ya kuwasha jiko. Kwa hivyo naandika. Nikikosea mahali, Kilonzo bado yuko hai, muulizeni. Atawaeleza vizuri zaidi. Kila kitu alikieleza vizuri zaidi.

Sitaandika tulilipwa nini wala nani alimpita nani. Gereji yetu hapo Machakos mjini haikuwa na vyeo. Ilikuwa na mabati, mapipa, na shimo la kuingia chini ya gari. Kitu cha kutamaniwa kilikuwa kimoja tu, nacho ni meza ya kabureta. Nyinyi mnaiona leo imewekewa kompyuta na chaja za simu, hamwezi kuamini. Ilikuwa ya mbao nzito, juu imefunikwa bati la zinki, na kingo zake zimepindwa kidogo ili skrubu ikidondoka isikimbie. Iliwekwa upande wa mashariki, mahali jua la asubuhi linapoingia. Aliyeikalia hakulala chini ya gari wala hakupakwa grisi shingoni. Wateja walimwita fundi. Sisi wengine walituita "wewe".

Mwenye meza alikuwa Mzee Ndeti. Mimi nilifika kwake miaka ya tisini ikianza, tayari mtu mzima na watoto, nikitoka kuvunja mawe machimboni. Alinishika mikono akaigeuza kama anayenunua mbuzi.

"Hii ni mikono ya mawe," akasema. "Na kabureta si jiwe. Utaweza kuwa mpole?"

"Nitajaribu, Mzee."

"Usijaribu na kabureta ya mtu."

Akanipa jeti, kile kijishaba chenye tundu ambalo petroli hupitia. Akaniambia niielekeze kwa jua nitazame. Nikasema naona mwanga. Akauliza kama mwanga ni wa mviringo. Nikatazama tena, nikamwambia una kope, kama jicho. Hizo kope ndizo uchafu. Nikachukua waya nitoe, na hapo alinipiga kofi la mkono, si la hasira, lile la kumzuia mtoto asishike sufuria. Tundu la jeti limepimwa, waya hulipanua, na tundu likipanuka gari hunywa mafuta kama wageni wa arusi. Unachukua unyasi wa ufagio, unaulowesha ndani ya petroli mpaka ulainike, unapitisha polepole, halafu unapuliza. Alisimama nyuma yangu, mkono wake juu ya wangu, tukapitisha pamoja. Wiki hiyo nzima nilipuliza jeti, na ugali wote niliokula ulinuka petroli.

Somo lake la pili ndilo nataka mlishike, hata kama hamtaona tena kabureta. Alisema petroli ni mto. "Ukiona mto umekauka shambani kwako, huchimbi hapo shambani. Unapanda juu ukiufuata mpaka kwenye chemchemi." Maana yake anza kwa tangi, fuata bomba, njoo kwa pampu, kisha chujio, na kabureta iwe ya mwisho. Sisi sote tuliitikia. Halafu kila gari lililoingia, sisi sote tulifungua boneti na kuanza na kabureta. Ndivyo binadamu alivyo, anaanza na kinachong'aa.

Kilonzo alikuja baada yangu. Alitoka Katangi, mwembamba, amevaa shati la kanisani kazini kwa sababu hakuwa na lingine. Siku yake ya kwanza Mzee alimpa jeti kama alivyonipa mimi. Kilonzo hakuielekeza kwa jua. Aliiweka karibu na sikio, akapuliza, akasema, "Hii imeziba nusu." Mzee akaichukua, akaipuliza mwenyewe, akaitazama juani, akairudisha mezani. Hakumfundisha lile somo la ufagio. Hakukuwa na haja.

Nilimwonea wivu kabla sijajua jina la baba yake.

Alikuwa na sikio, basi. Mkitaka kujua sikio ni nini, sikilizeni. Kabureta ina skrubu ya hewa, nayo huzungushwa mpaka injini ingurume sawasawa bila kukanyagwa. Mimi niliizungusha nikihesabu mizunguko midomoni kama mtu anayegawa mbegu. Kilonzo alifunga macho, akapiga mluzi wa wimbo wa kwaya, akawa anazungusha taratibu, na mluzi wake ulipolingana na injini aliacha. Kila mara ilikuwa sawa. Wateja walisimama kumtazama. Mama mmoja alimletea soda, na mimi niliyekuwa nimeifunga injini hiyo kuanzia chini sikuletewa hata kifuniko.

Haki iandikwe. Kilonzo hakuwa na majivuno. Aliniazima spana yake ya ringi bila kuuliza naipeleka wapi. Mama yangu alipolazwa, yeye alifika hospitalini kabla yangu na maziwa kwenye chupa. Mtu akiwa na majivuno, wivu wako unapata mahali pa kusimama. Kilonzo alininyima hata hapo.

Ikawa macho ya Mzee Ndeti yanaanza kuingia ukungu. Alianza kutuuliza rangi ya waya. Meno ya mbele nayo alikuwa ameshayaaga, kwa hivyo maneno yake mengine yalitoka yamevaa upepo. Asubuhi moja akatuambia sote, "Mimi narudi kwangu Mua. Meza itabaki na mtu mmoja. Hii si benchi ya kanisa ikaliwe na wengi."

Wambua, fundi wetu wa bodi, ambaye nyundo yake na mdomo wake havikuwahi kupumzika pamoja, akauliza, "Nani, Mzee?"

"Gari litasema."

Basi tukangoja gari. Na mimi, mtu niliyesomea mawe, nilijua kwamba nikiikosa meza hiyo sitakuwa fundi machoni pa mtu, nitazeeka nikiitwa "wewe" na mgongo chini ya gari la mwenye shati safi. Kilonzo alikuwa na miaka mingi mbele. Mimi sikuwa nayo.

Gari likaja. Ilikuwa pijo ya zamani, rangi ya chai ya maziwa, ya Mwalimu Tabitha, mwalimu mkuu huko Muthetheni. Gari lilikuwa la marehemu mumewe. Shemeji yake alitaka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma, na kila lilipozima alipata nguvu mpya ya kusema.

"Juzi limevutwa na ng'ombe," Mwalimu akatuambia. "Likapita mbele ya wanafunzi wangu wakiwa gwaride. Likivutwa tena, shemeji ameshinda, na mimi nitakuwa sina la kujibu."

"Iko na shida gani, Mwalimu?" Kilonzo akamuuliza.

"Hapa mjini inakimbia kama ndama. Nikikaribia Masii inakohoa, inazima. Nikikaa kando ya barabara nikipumzika, inawaka. Inaenda kidogo, inazima tena. Na kuna kitu kingine, lakini mtanicheka. Nikijaza tangi ndiyo inazima haraka."

"Hiyo ni kuvimbiwa, Mwalimu," Wambua akasema. "Ipe mwarobaini."

Tukacheka. Mimi nilicheka. Kilonzo pia alicheka, lazima niandike. Mzee Ndeti peke yake hakucheka, akasema, "Hii ndiyo gari itasema." Akatugawia kazi, mimi pampu, Kilonzo kabureta.

Pampu ya magari hayo haikuwa ya umeme. Ilifungwa ubavuni mwa injini, ndani ina mpira mwembamba unaopanda na kushuka, na vilango viwili, cha kuingiza petroli na cha kuitoa. Mpira ukitoboka, petroli huvuja kwenye oili, kwa hivyo kwanza unachomoa stiki ya oili unainusa. Nilinusa. Hapakuwa na petroli. Hata hivyo nilifungua, nikaona mpira umechoka, nikaweka mpya, nikasafisha vile vilango, nikachomoa bomba la kabureta nikaliingiza kwenye chupa, na Wambua akapiga stata. Petroli ikaruka kwa nguvu. Nilijivuna na chupa ile, nikaiacha mahali Mzee angeweza kuiona, nikisahau kwamba Mzee haoni.

Kilonzo naye alitoa floti, lile boya la ndani ya bakuli la kabureta, akalizamisha kwenye maji moto. Likatoa mapovu membamba kama uzi. Lilikuwa na tobo ambalo hata jua lisingeliona. Akaliziba kwa risasi ya kuyeyusha, akafunga, akatundika chupa ya petroli kwenye boneti ili ailishe kabureta kutoka hapo, akafumba macho akapiga mluzi. Wambua akaweka kikombe chake cha chai juu ya injini inayonguruma. Chai haikutetemeka. Watu wakapiga makofi. Kwa chupa yangu hakuna aliyepiga.

Tukaliendesha hadi Mumbuni, hapo karibu tu, na kurudi. Safi. Mwalimu akaenda zake. Alasiri hiyo dereva wa lori akatuletea salamu kwamba Mwalimu amekaa kando ya barabara kabla ya Masii, na mwavuli.

Aliporudi alisema dereva mmoja alimshauri aweke kitambaa chenye maji juu ya pampu, akaweka, akangoja, gari likawaka. Sote tukasema, ahaa, ni joto. Petroli ikipashwa sana hugeuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Tukasogeza bomba mbali na injini, tukalivika mpira. Gari likaenda, likazima palepale. Kitambaa kile, nimekuja kujua, kilisifiwa kwa kazi ya kungoja.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kuomba. Sikuombea gari lipone. Niliomba ugonjwa uwe wa kabureta. Nilimtazama Kilonzo akiifungua tena, na moyoni nikasema, iwe hapo, iwe ni mkono wake. Naye akainua kichwa akaniambia, "Nafikiri ni mimi nimekosea, ndugu. Pampu yako iko sawa." Mniambie, mtu kama huyo unamfanyia nini?

Siku iliyofuata Mzee Ndeti alikuja mwenyewe kulisikiliza gari. Tulimwekea stuli mbele ya boneti. Injini ilikuwa inanguruma. Kilonzo alisimama kushoto kwake, mimi kulia, Mwalimu nyuma yetu na mkoba wake, Wambua ameacha nyundo. Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu. Halafu akasema kwa Kikamba, polepole, na ule upepo wa mapengo yake:

"Vaa ve kiw'u."

Kwa wale ambao si Wakamba niwaeleze. Kiw'u ni maji. Alisema hapa kuna maji. Lakini tuko na neno lingine, kiwiu, na hilo ni wivu. Kwa mtu mwenye meno yote maneno hayo ni ndugu wa mbali. Kwa Mzee Ndeti yalikuwa mapacha.

Mimi nilisikia kiwiu. Hapa kuna wivu. Nilisikia hivyo kama vile mnavyosikia jina lenu likiitwa. Damu ikanipanda masikioni, na kabla sijafikiri nikasema mbele ya watu wote, "Mzee, mimi sina wivu na mtu."

Mwalimu akanitazama. Kilonzo alikuwa ameshaingiza kichwa chini ya boneti, analegeza bakuli la kabureta. Mzee akanigeuzia yale macho yake ya ukungu.

"Unasema nini?"

"Umesema kuna kiwiu, Mzee. Nasema si mimi."

Akarudia neno. Likatoka vilevile. Naapa lilitoka vilevile. Wambua akaanguka juu ya pipa akicheka. "Maji, Baba Mwende. Mzee anasema maji. Wewe unajijibia mashtaka ambayo hujasomewa."

Na wakati huohuo Kilonzo akainuka na bakuli mkononi, akaliinamisha juani. Chini ya petroli, matone ya maji yalikuwa yanatembea kama shanga.

Sikuwa na mahali pa kuweka uso. Tangu siku hiyo niliitwa Kiwiu. Wambua aliniita hivyo, mama wa chai akaniita hivyo, hata wateja wakauliza, "Kiwiu yuko?" Kilonzo peke yake hakuniita. Na mnajua tayari nilihisi nini juu ya hilo.

Walimwaga maji, wakakausha, wakafunga. Kila mtu alisema meza imepata mwenyewe. Mwalimu akaondoka, na gari likazima kabla ya Masii.

Aliporudi safari hiyo hakusema mengi. Alisema tu kwamba shemeji amepata mnunuzi. Mimi nilimwambia, "Mwalimu, nipeleke na wewe. Nataka nilione likifa." Haikuwa hekima. Nilitaka kuwa mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita Kiwiu. Lakini Kilonzo naye akasema, "Hata mimi naja," akaingia kiti cha nyuma.

Mwalimu akajaza tangi hapo mjini, tukaenda. Gari lilikwenda vizuri hadi nikaanza kulichukia. Kisha likakohoa, likavuta, likakohoa tena, Mwalimu akalielekeza kando likazima. Kilonzo akaruka nje akafungua boneti, akainama na sikio lake. Mimi ningesimama wapi? Kusimama karibu na sikio lile ilikuwa kama kusimama kanisani karibu na mtu anayeimba vizuri. Nikaenda nyuma ya gari.

Nyuma ya gari kuna nini? Kuna tangi. Nikaona kifuniko chake, kipya, kinang'aa, cha kufungwa kwa ufunguo.

"Mwalimu, hiki kifuniko ulikipata wapi?"

"Sokoni. Pale shuleni walikuwa wananyonya petroli kwa mpira, nikanunua chenye kufuli. Ni kizuri, hakiingizi hata harufu."

"Nipe ufunguo."

Katika siku zote zile hakuna kati yetu aliyewahi kukifungua. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wa Mwalimu, na mshale wa mafuta ulisema tangi limejaa, sasa mtu afungue ili aone nini? Nikatia ufunguo nikazungusha.

Tangi likavuta pumzi. Halikuwa na kelele kubwa. Lilivuta kama mtu aliyetoka kuzama, ndefu, fyuuu, mpaka likatosheka. Kule mbele kichwa cha Kilonzo kikatokea juu ya boneti.

"Ni nini hiyo?"

"Ni tangi."

Mwalimu akapiga stata, gari likawaka mara moja.

Nieleze. Pampu ikinyonya petroli kutoka kwenye tangi, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Kifuniko cha zamani kina tundu dogo la kupumulia, dogo kama la sindano. Hiki cha sokoni kilitengenezewa gari la aina nyingine, lenye bomba lake la hewa. Hakikuwa na tundu. Pampu ilinyonya na kunyonya mpaka tangi nalo likaanza kuinyonya pampu. Mkipumzika kando ya barabara hewa inapenya kidogokidogo, gari linawaka, na kitambaa chenye maji kinapata sifa. Na tangi likijaa, nafasi ya hewa ndani ni ndogo, kwa hivyo linakabwa mapema. Mwalimu alituambia siku ya kwanza, tukampa mwarobaini.

Tulikilegeza kifuniko tukaenda hadi Muthetheni bila kikohozi. Wakati wa kurudi tulikikaza makusudi, likazima, tukakilegeza, likaishi. Kilonzo alinishika mkono akautikisa mpaka bega likauma. Alikuwa anacheka kama mtu aliyepona yeye.

Njiani nilijipangia namna ya kuwasimulia watu wa gereji. Nilipanga niseme machache, kama Mzee. Lakini Kilonzo alishuka kabla gari halijasimama sawasawa, na akaanza. Alisimulia nilivyokwenda nyuma ya gari, nilivyoomba ufunguo, na ule mlio wa tangi aliutoa kwa mdomo wake, fyuuu, hivyohivyo ulivyokuwa, hata Mwalimu akashika kifua. Watu walicheka, wakaniinua juu. Na wakati wameniinua niliona macho yao yako kwa Kilonzo, wakingoja atoe tena ule mlio. Ushindi wangu wenyewe aliuimba yeye, nao ukawa mzuri zaidi.

Mzee Ndeti alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Kabureta ilikuwa na kosa?"

"Hapana, Mzee," nikasema. Ilibidi niseme kweli. "Tangu alipotia floti risasi, haikuwa na kosa."

"Basi aliyeisafisha akae nayo." Akapapasa zinki mpaka akapata mkono wa Kilonzo, akauweka juu ya meza.

"Na mimi?"

"Wewe ulipanda mpaka kwenye chemchemi. Kaa na tangi na pampu, hiyo ndiyo nusu kubwa ya mto."

"Kiwiu amepewa nyuma," Wambua akasema, na mambo yakaisha kwa kicheko.

Mwalimu Tabitha alibaki na gari lake. Tulimtobolea kifuniko tundu, na kwa miaka mingi alipita na pijo ile akipiga honi mbele ya gereji. Shemeji yake baadaye alikuwa akiomba apelekwe nayo arusini.

Miaka iliyofuata nimeitumia kutazama mgongo wa Kilonzo. Nimejiuliza mara nyingi kama Mzee alikosea, na nikijibu kwa haki najibu kwamba hapana. Kwa kabureta Kilonzo alinishinda. Hata hivyo kila asubuhi jua lilipoingia upande wa mashariki na kumwangukia yeye, lilinipita mimi nikiwa chini ya tangi la mtu na petroli ikinitiririka kwapani. Nilijifunza pampu zote. Nilijifunza mabomba yanayooza kwa ndani, na machujio yanayozibwa na kutu ya tangi. Sitasema niliipenda kazi hiyo. Nilitaka siku moja gari lishindikane mezani, wainue vichwa na kuniita.

Siku hiyo haikuja kama nilivyotaka. Yalikuja magari yasiyo na kabureta kabisa, yale yanayopuliza petroli kwa umeme, na pampu imezamishwa ndani ya tangi. Kazi yangu ikaongezeka, meza ikaanza kupata vumbi. Ungefikiri ningefurahi. Nilimwona Kilonzo akipuliza jeti ambazo hakuna gari lililozihitaji, na nilihisi nimeibiwa. Nilitaka kumshinda akiwa na meza, si baada ya meza kufa. Halafu akahamia Kinanie akafungua mahali pake, na Mzee Ndeti akafariki huko Mua. Kwenye mazishi tulibeba jeneza upande mmoja, Kilonzo mbele, mimi nyuma.

Mliponiaga mwaka huu mlimwalika, na mliona alivyokuja na shati jeupe. Mlikuwa mnagawa chapati wakati tulikaa wawili pembeni mwa ile meza. Mlifikiri tunazungumza habari za mgongo. Sasa niwaambie tulizungumza nini.

"Baba Mwende," akasema, "ile siku ya pijo, Mzee alipokaa kwa stuli. Wewe ulisikia nini?"

"Unajua nilichosikia. Machakos nzima inajua."

"Na mimi nilisikia hivyohivyo."

Nikaacha kutafuna.

"Nilisikia kiwiu," akasema. "Nikajua Mzee ameniona. Nikaingiza kichwa chini ya boneti watu wasione uso wangu, nikafungua kitu cha kwanza mkono ulichopata. Ikawa ni lile bakuli."

"Na maji?"

"Yalikuwa matone tu. Kabureta gani ya Machakos haina matone?" Akapitisha kidole kwenye ukingo wa zinki. "Gari halikuwa na maji, unajua mwenyewe. Sasa Mzee alikuwa anasema nini?"

Hakuna wa kumuuliza.

"Ulikuwa na wivu na nani wewe?" nikamuuliza.

"Na nani tena? Na wewe." Alisema kama mtu anayetaja saizi ya spana. "Mzee alikushika mkono akakufundisha ufagio. Nilikuwa nawaona jioni mmeinama pamoja. Mimi alinisikia mara moja tu, akaniacha. Alinipa meza, lakini hakunifundisha kitu hata siku moja. Nilikuwa natamani nikosee ili anishike mkono, na nikijaribu kukosea sikio linakataa."

Akamega chapati yake, akaniuliza kama nyama bado iko.

Niliitazama ile meza, na kompyuta yenu juu yake, na nikamtazama yeye. Wivu wangu ulinitoka mdomoni mchana kweupe mbele ya mwalimu mkuu, nikapewa jina. Wake aliufungia chini ya boneti miaka yote hiyo, akaniletea maziwa hospitalini nao ukiwa ndani, na hakuna mteja aliyewahi kusikia mlio. Hata wivu, Kilonzo aliuweza kuliko mimi.